Ile Besi ya Amapiano Haikuundwa Iwe Besi

Unaijua hii sauti hata kama hujui inaitwaje. Inaanza na mgongo mkavu, "ko!", kama mtu kagonga gogo kwa mchi. Kabla hujakaa sawa inazama chini, inageuka mvumo mzito unaousikia kifuani zaidi ya masikioni. Ukipanda daladala jioni, ipo. Ukienda harusini, ipo. Diamond Platnumz alipotoa "Iyo" mwaka 2021 akiwa na Focalistic na wenzake wa Afrika Kusini, ilikuwamo. Tyla alipochukua tuzo ya Grammy mwaka 2024 kwa wimbo wake "Water", ilikuwamo pia.

Maprodyuza wanaiita "log drum", yaani ngoma ya gogo. Humu nitaiita besi ya gogo, ili tuende pamoja.

Kuna mawazo mawili ambayo huwa nayasikia kuhusu sauti hii. La kwanza: kwamba ni ngoma ya asili iliyorekodiwa kijijini fulani, kisha ikaingizwa kwenye kompyuta. La pili huwa linasemwa kwa dharau kidogo: "Hawa watoto wanabonyeza kitufe tu, kompyuta inafanya kazi yote." Yote mawili hayako sawa. Sauti hii haikuwahi kuwa mti hata siku moja. Ni hesabu. Na imepita mikononi mwa watu wa Marekani, Japani, Ulaya na Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 50, na karibu kila aliyeipokea aliitumia kwa kazi ambayo aliyemtangulia hakuikusudia.

Hebu tuifuate safari hiyo. Mwishoni tutauliza swali la hela: kati ya hao wote, nani alilipwa?

Kwanza, besi ni nini?

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Ikienda na kurudi mara 55 kwa sekunde moja, tunasema masafa yake ni Hz 55. Sikio la kijana mwenye afya linasikia takribani kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000. Besi inakaa huko chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukiupiga bila kuubana, unatoa kama Hz 41.

Sasa piga hesabu. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Gawanya kwa 41, unapata wimbi lenye urefu wa mita 8 na kitu. Hiace nzima haifiki mita 6! Ndiyo maana besi inataka spika kubwa yenye uwezo wa kusukuma hewa nyingi, na ndiyo maana spika ya simu yako, ambayo haizidi ukucha kwa ukubwa, haiwezi kabisa kazi hiyo. Liweke akilini jambo hili, tutalirudia.

1967: mpiga ngoma na kompyuta ya kuazima

John Chowning hakuwa mhandisi. Alikuwa mpiga ngoma na mtunzi wa muziki, aliyekwenda Paris kusoma kwa mwalimu maarufu Nadia Boulanger, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Stanford, California. Huko alisoma kazi za Max Mathews wa Bell Labs, mmoja wa watu wa kwanza kuifanya kompyuta itoe muziki, akavutiwa. Idara yake ya muziki haikuwa na kompyuta ya kazi hiyo, kwa hiyo alitumia ile ya maabara ya akili bandia. Enzi zile sekunde chache za sauti ziliweza kuchukua dakika nyingi za kukokotoa.

Besi haikuwa akilini mwake. Alikuwa anatafuta namna ya kufanya sauti zionekane kama zinazunguka chumbani, na alihitaji sauti zenye uhai ndani yake. Akawa anachezea vibrato.

Vibrato unaijua. Mwangalie mpiga fidla wa taarab: kidole kinatetemeka juu ya uzi, noti inapanda na kushuka mara 5 au 6 kwa sekunde, ndiyo ile inayokufanya ufumbe macho. Chowning aliichukua vibrato hiyo kwenye kompyuta akaiongezea kasi. Mara 10 kwa sekunde. Mara 20. Mara 50. Kidole cha binadamu kilishashindwa zamani, lakini kompyuta haichoki. Ilipofika kasi fulani, sikio lake likaacha kusikia kutetemeka. Badala yake likasikia sauti mpya kabisa, yenye rangi yake.

Rangi ya sauti ni kile kinachokufanya utofautishe zeze na filimbi hata zikipiga noti ileile. Inatokana na masafa mengine yanayoambatana na noti kuu. Kabla ya hapo, ukitaka rangi nzuri kwa kompyuta ulilazimika kurundika mawimbi mengi, moja juu ya jingine. Chowning alikuwa ameipata kwa mawimbi mawili tu.

Hesabu yenyewe, bila kuogopana

Chukua wimbi moja laini lenye Hz 55. Tuliite mbebaji, maana ndilo tutakalolisikia. Chukua la pili, nalo Hz 55, tuliite mtikisaji. Mtikisaji hasikiki. Kazi yake ni kumpandisha na kumshusha mbebaji, ile vibrato ya kasi.

Kinachotokea ni kwamba masafa mapya yanazaliwa pande zote mbili za mbebaji, kwa hatua za ukubwa wa mtikisaji. Juu utapata 55 + 55 = 110, halafu 165, 220, 275 na kuendelea. Upande wa chini nako yanazaliwa, ila yakipita sifuri hujikunja na kuangukia kwenye namba zilezile. Matokeo ni sauti nene, iliyojaa.

Badilisha uwiano, rangi inabadilika. Mtikisaji akiwa mara mbili ya mbebaji, unabaki na 55, 165, 275, 385, yaani namba witiri tu, na sauti inakuwa na uwazi ndani kama ya klarineti. Akiwa mara 1.4, masafa yanakataa kupangana vizuri, unapata kengele.

Halafu kuna nguvu ya kutikisa. Ukitikisa sana, masafa ya ziada yanakuwa mengi. Ukipunguza, yanafifia mpaka mbebaji anabaki peke yake, laini, bila pambo. Hapa ndipo penye utamu. Kitu halisi kikigongwa, mwanzo huwa ni vurugu ya masafa mengi, kisha kinatulia. Kwa njia hii ya Chowning unaiga tabia hiyo kwa kushusha namba moja tu kadiri muda unavyokwenda. Anza na mtikiso mkubwa, uporomoshe haraka: "ko!", kisha mvumo. Umeshaitambua? Besi ya gogo tayari ilikuwa imejificha humo, miongo mitano kabla ya amapiano.

Chowning alichapisha maelezo yake mwaka 1973. Njia hiyo inaitwa FM, na ndiyo, ni FM ileile ya redio. Kwenye redio wimbi linalobeba lina mamilioni ya Hz na linatikiswa na sauti ya mtangazaji. Huku mawimbi yote mawili yako kwenye masafa ya kusikika. Hesabu ni ya ukoo mmoja.

Hataza, Yamaha, na sauti iliyoitwa BASS 1

Stanford ilijaribu kuuza wazo hilo kwa watengenezaji wa vinanda wa Marekani, Hammond wakiwamo. Wakakataa. Mhandisi wa Yamaha kutoka Japani, Kazukiyo Ishimura, yeye alielewa mara moja alichokuwa anaonyeshwa. Yamaha ikachukua leseni. Wakati huohuo chuo kilikuwa kimekataa kumpa Chowning ajira ya kudumu, akaondoka, baadaye kilimrudisha. Hataza ilitoka mwaka 1977.

Mwaka 1983 Yamaha ikatoa kinanda cha DX7. Kilikuwa na mawimbi sita kwa kila noti, yanayoweza kuunganishwa kwa mipango 32, na kiliuzwa Marekani kwa dola 1,995. Kiliuzwa zaidi ya laki moja na nusu. Kila DX7 ilitoka kiwandani ikiwa na sauti zilizopangwa tayari, mojawapo ikiitwa BASS 1, na sehemu kubwa ya muziki wa pop wa miaka ile imejengwa juu ya sauti hizo.

Sababu ni kwamba DX7 ilikuwa ngumu kuipanga. Kioo kidogo, vitufe vingi, namba juu ya namba. Wanamuziki wengi, hata wa studio kubwa zenye majina, waliishia kutumia zile za kiwandani. Kwa hiyo mtu akikwambia "vijana wa siku hizi wanabonyeza tu", mkumbushe kwamba miaka ya 80 nayo ilibonyezwa sana.

Kutoka kiwandani hadi kompyuta ya nyumbani

Ukishakuwa na hesabu rahisi, unaweza kuiweka kwenye chipu rahisi. Yamaha ilifanya hivyo. Chipu zake za FM ziliingia kwenye kadi za sauti za kompyuta kama AdLib (1987) na Sound Blaster (1989), na kwenye Sega Mega Drive (1988). Kama uliwahi kucheza Sega, zile besi zake za kukwaruza ni FM. Baadaye ziliingia hata kwenye simu, kwa ajili ya milio.

Katikati ya miaka ya 1990 mambo mawili yalikutana. Moja, hataza ya Stanford ilifika mwisho, na njia ya FM ikawa ya kila mtu. Mbili, kompyuta za nyumbani zilipata nguvu ya kukokotoa sauti papo kwa papo, bila chipu maalumu. Mwaka 1996 kampuni ya Kijerumani Steinberg ikatoa VST, mfumo unaomruhusu mtu yeyote aandike programu ndogo, plagini, inayoingia ndani ya programu kubwa ya muziki kama droo kwenye kabati.

Mmoja wa walioandika plagini hizo ni Paul Kellett. Alizitoa bure kwa jina la mda. Mojawapo iliitwa DX10, heshima kwa DX7. Ilikuwa rahisi kupita kiasi: mawimbi sita ya DX7 yalipunguzwa yakawa mawili, mbebaji mmoja na mtikisaji mmoja, sawasawa na ule mfano wetu wa hapo juu. Ilikuja na sauti 32 zilizopangwa tayari. Kadhaa zilikuwa na neno Bass kwenye majina yao. Na mle kati, baada ya ngoma ya chuma na kabla ya tarumbeta, palikuwa na sauti iliyoitwa Log Drum.

Huko Ubelgiji, Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line alikuwa ameandika programu iliyoanza kama mashine ndogo ya kupanga ngoma: FruityLoops. Mwaka 2003 ilipewa jina la FL Studio. DX10 ilipata nafasi humo kama Fruity DX10. Na FL Studio ikasambaa Afrika nzima, kwa sababu ilikubali kompyuta za kawaida na ilieleweka kwa macho. Tuseme ukweli, pia kwa sababu nakala zake zisizolipiwa zilizunguka sana kwenye flashi.

Gauteng: gogo linageuzwa besi

Sasa tupo Afrika Kusini, mkoa wa Gauteng, kwenye vitongoji vya Pretoria na Johannesburg, miaka ya 2010. Vijana wanachanganya kwaito, muziki wa house na vinanda vya jazi, kwa mwendo wa mapigo kama 112 kwa dakika. Ndiyo amapiano. Ya mwanzo haikuwa na besi ya gogo, au kama ilikuwapo haikuwa mfalme.

Halafu mtu akafungua Fruity DX10, akaziruka sauti zote zilizoandikwa Bass, akachukua Log Drum na kuishusha chini. Kabza De Small, mmoja wa vigogo wa amapiano, amemtaja MDU aka TRP kuwa ndiye aliyeanzisha. Ukishusha sauti oktava moja, masafa yake yanagawanywa kwa mbili. Shusha tena, yanagawanywa tena. Sauti iliyokusudiwa kuwa mgongo wa kupamba wimbo ikajikuta inatembea kwenye Hz 40 hadi 60, mahali pa besi. Wakaiongezea ukwaruzo. Wakaacha kuipiga kama ngoma inayohesabu mapigo, wakaipiga kama mtu anayezungumza: inaingia pale usipoitegemea, inanyamaza pale ulipoitegemea, inateleza toka noti moja kwenda nyingine.

Nasema kama mtu anayezungumza kwa sababu jina lenyewe lina historia. Ngoma za gogo halisi zipo. Kongo, eneo la Kisangani, kuna lokole: gogo lililochongwa tundu refu, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa lugha za huko hutofautisha maneno kwa sauti kupanda na kushuka, lokole iliweza kupeleka ujumbe kijiji hadi kijiji. Mmisionari John Carrington aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hizo mwaka 1949. Besi ya gogo haikurekodiwa kutoka kwenye lokole wala gogo lolote. Imeazima jina tu. Ila matumizi yake mapya yameirudisha kwenye kazi ya kusema.

Kwa nini ikashinda?

Kwa nini Log Drum, na si zile zilizoitwa Bass? Ladha ya watu ina nafasi yake, lakini fizikia nayo ina neno.

Rudi kwenye spika ya simu. Besi laini ya Hz 55 isiyo na masafa ya ziada, ukiipiga kwenye simu, inapotea. Wimbo unabaki na matoazi na sauti ya mwimbaji. Besi ya gogo ina ule mgongo wa mwanzo na ukwaruzo, yaani masafa mengi ya juu: 220, 275, 330, 385. Hayo simu inayaweza. Na ubongo wetu una tabia ya ajabu: ukisikia namba hizo pamoja, unagundua kwamba zimepishana kwa 55, kisha unakujazia noti ya Hz 55 ambayo spika haikuitoa. Unasikia besi isiyokuwepo hewani. Halafu wimbo uleule ukichezwa kwenye spika kubwa za harusi, ile 55 halisi inatokea, na wewe unaipokea kifuani.

Kwa muziki unaosambaa kwa simu na kuchezwa kwenye mapipa ya spika mtaani, huwezi kupata sauti inayofaa zaidi. Waliochagua walitumia sikio tu. Sikio nalo ni kifaa cha kupimia.

Jaribu mwenyewe

Ukiwa na laptopu, huhitaji kuamini maneno yangu. Plagini ya Dexed ni ya bure na inaiga DX7. Au pakua toleo la majaribio la FL Studio ufungue Fruity DX10.

1. Zima kila kitu, ubaki na mbebaji mmoja na mtikisaji mmoja, uwiano 1 kwa 1.
2. Piga noti ya chini, A ya Hz 55. Ongeza mtikiso polepole. Sikia rangi inavyojaa.
3. Fanya mtikiso uanze mkubwa, uporomoke ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Utasikia "ko!"
4. Sasa badilisha uwiano: 1 kwa 2, halafu 1 kwa 1.4. Sikia gogo linavyogeuka kengele.
5. Sikiliza kwenye simu, kisha kwenye spika kubwa. Linganisha.

Nani alilipwa?

Tulianza kwa kuahidi swali hili. Stanford iliingiza zaidi ya dola milioni 20 kutokana na hataza ya FM. Yamaha iliuza vinanda na chipu. Image-Line inauza programu. Kellett alitoa kazi yake bure kwa hiari. Na walioigeuza Log Drum kuwa besi? Wanalipwa kwa nyimbo zao, wakilipwa, lakini kwa sauti yenyewe hakuna anayedaiwa hata senti. Sheria za hakimiliki hulinda wimbo na rekodi; rangi ya sauti hazilindi. Kushusha oktava hakuna hataza.

Mimi sitaki iwepo. Fikiria: kama hataza ya Chowning isingeisha muda wake, Kellett asingeweza kuigawa DX10 bure, na kijana wa Pretoria asingeikuta ikimsubiri. Amapiano tunayoicheza leo imeota kwenye shamba lililofunguliwa uzio.

Lakini kuna malipo mengine yasiyohitaji sheria, nayo ni kuandikwa. Ya Stanford tunayajua kwa uhakika kwa sababu yana karatasi: makala ya 1973, hataza ya 1977. Ya Gauteng, yaliyotokea juzi tu, yanashikiliwa na mahojiano na kumbukumbu za watu. Na ya kwetu je? Biti za singeli, za bongo fleva, za gengetone, zimetengenezwa vyumbani, kwenye kompyuta ambazo diski zake zinakufa kimyakimya, na mafaili ya kazi yanaondoka nazo.

Kama wewe ni mwanafunzi na unatafuta mada ya utafiti, hii hapa. Kama una ndugu au jirani aliyewahi kuwa na studio chumbani, mwulize leo: ulitumia programu gani, sauti gani, uliifanyaje? Andika jina, mwaka na namba. Chowning ana miaka zaidi ya 50 ya kuandikwa kwa kugundua mtikiso. Aliyejua mtikiso huo ushushwe wapi ili watu wasimame wacheze, naye anastahili mstari wake.